Naomba ushauri: baibui jeusi na kisutu kwenye harusi ya Kihindu

Habari zenu wadau. Mimi ni mama wa Mikindani, Mtwara. Jirani yetu mwenye duka, familia ya Wahindu wenye asili ya Gujarat, anaoza binti yake mwezi ujao, na tumealikwa mimi na mama mkwe.

Kwetu mtu huvaa gauni lake zuri, juu akatupia baibui jeusi, na bi harusi lazima apate doti ya kisutu, ile khanga ya harusi. Sasa naambiwa kwa Wahindu wengi nyeupe ni rangi ya msiba, nyeusi haipendwi kwenye shughuli ya heri, na nyekundu ni ya bi harusi mwenyewe. Kisutu kina zote tatu! Fundi wangu kanishauri nishone kijani. Mama wa binti nilimuuliza, akanijibu kwa upole tu, "Vaa chochote mama, karibuni."

Baibui silivui mbele za wanaume. Je, la rangi, tuseme zambarau, litafaa? Na kisutu nipeleke nikimweleza maana yake, au nitafute doti ya rangi nyingine? Mliowahi kuhudhuria harusi hizi nisaidieni, sitaki kumuudhi jirani niliyeishi naye vizuri.