Mafuta ya karafuu: fukusi walikufa, kisha wakarudi

Binti_Ghala: Habari za kazi wadau. Nina magunia mawili ya mahindi. Nilipoona ungaunga chini ya gunia, nilidondoshea mafuta ya karafuu kwenye vitambaa nikavifukia katikati ya nafaka. Siku ya tatu fukusi walikuwa wamekufa juu juu, nikashukuru. Wiki ya tano wamejaa kuliko mwanzo! Niongeze dozi? Sumu sitaki, watoto wanakula haya.

Mzee_wa_Kihenge: Pole sana binti yangu. Hao si wale wa kwanza, ni watoto wao. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute. Funza hukulia humo humo, na penye joto hutoka akiwa mdudu kamili baada ya wiki tano hivi. Hesabu yako hiyo hapo. Mvuke wa karafuu uliwamaliza waliokuwa nje. Wa ndani ya punje hawakuguswa vya kutosha.

Tena mafuta haya huruka, na gunia la kawaida linapitisha hewa. Baada ya siku chache ulibaki na vitambaa tu. Dozi usiongeze: ladha itaingia kwenye unga, na kama kuna mbegu humo, zinaweza kukosa kuota.

Chekecha, anika vizuri hadi unyevu usizidi asilimia 13. Kama huna kipimo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, bado mabichi. Isipoganda, mimi huanika siku moja zaidi. Halafu jaza pipa lisilopitisha hewa mpaka juu kabisa, funga, usifungue ovyo. Wadudu wenyewe wataimaliza oksijeni, na funza wa ndani naye atakosa pumzi.

Mama_Kunde: Mbona mimi napaka kunde mafuta ya kula na hazibunguliwi?

Mzee_wa_Kihenge: Hayo hayaruki, mama. Mdudu wa kunde hubandika yai juu ya ganda, kwa hiyo mafuta yanalifunika na kulikosesha hewa. Mililita 5 kwa kilo zinatosha, ila chezesha mpaka kila punje ing'ae. Kwa fukusi usitegemee hivyo, yai lake limefichwa.

Binti_Ghala: Asante baba. Vitambaa nivirudishe ndani ya pipa?

Mzee_wa_Kihenge: Huna haja. Hakikisha kifuniko kimekaza.