Filamu ya watu wa makamo wanne kwenye Noah: nani atailipia?

Wadau, naleta mada hii kwa sababu juzi Sinza tumebishana mpaka chakula kikapoa. Jamaa yetu ana skripti ya vichekesho: marafiki wanne wa miaka 50 na ushee wanatoka Dar kwenda Iringa kwa gari moja, Toyota Noah. Anataka kuitengeneza kwa hela yake na michango yetu, hana mdhamini. Mwenzetu anayeuza matangazo akamkatisha: "Kaka, hakuna kijana wa kutoa hela kuangalia wazee wanalalamikia magoti. Kata vipande vya dakika nane, weka YouTube, basi."

Mimi nakataa.

Hilo la umri kwanza. Mchekeshaji King Majuto alizaliwa 1948. Miaka ile CD za Bongo Movie zinatembea Kariakoo kama karanga, alikuwa keshavuka 50, na waliokuwa wakizinunua ni vijana, wala hakuna aliyeuliza umri wake. Siku hizi mtu mzima kwenye vichekesho vyetu ni baba mkali, mama mkwe mwenye gubu, au mjomba mlevi anayeingia, anaanguka, anatoka. Hapewi rafiki.

Mwaka jana tulienda msibani Iringa, watu wanne tuliosoma pamoja. Tunafika Chalinze tumeshasimama mara tatu, maana mmoja wetu ana sukari na hawezi kubana. Mwenye gari hataki kuwasha AC, anasema inakula mafuta. Mikumi, pale barabara inapokata hifadhi kwa kilomita kama 50, tunakwenda polepole tukiogopa faini ya kugonga mnyama, yule wa nyuma akatoa kimfuko cha vidonge vya presha akauliza nani kasahau vyake. Mikono miwili ikanyooka, na wa tatu ni dereva. Tulicheka mpaka machozi. Kuanza kupanda mlima Kitonga, yule yule mwenye vidonge akanyamaza. Marehemu ndiye aliyemlipia ada ya kidato cha tano. Hakuna aliyemsemesha, mmoja alimfungulia tu chupa ya maji akampa.

Sasa hiyo ukiikata vipande vya dakika nane, unabaki na vidonge bila Kitonga. Safari inachekesha kwa sababu mpo pamoja kutwa nzima na hakuna pa kukimbilia. Mtazamaji naye anatakiwa akae humo humo garini.

Wanaosema ni filamu rahisi kwa kuwa ni gari na watu wanne nao wanajidanganya. Kurekodi sauti ndani ya gari linalotembea, malori yanapishana nawe, ni mtihani. Kibali cha kupiga picha ni lazima kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na ukitaka Mikumi lazima uongee na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Jamaa ajipange kwa hilo kabla hajachukua shilingi ya mtu.

Soko lipo, ila tunalitafuta kwa vijana peke yao. Watu wa rika hili, kwa hapa Dar, ndio waliopakiwa kwenye gari la baba kwenda Drive-In, sinema ya kuangalia ukiwa garini, kule Msasani, kiwanja ambacho leo ni ubalozi wa Marekani. Sinema za zamani za mjini wanazijua: wanaijua Empire, wanaijua Avalon. Kulipia filamu na kukaa mpaka iishe si jambo geni kwao. Nani amewatengenezea kitu miaka hii? Tena wengi wao hawatapanda daladala mbili kwenda sinema ya kwenye jengo la maduka usiku. Wapelekewe Tabata, wapelekewe Mbagala, ukumbi wa kawaida, Jumapili saa kumi jioni, viti vyenye pa kuegemea mgongo.

Mwenye hoja kwamba YouTube inalipa zaidi alete hesabu yake hapa, siyo maneno. Na ninyi mlio na wazazi au kaka wa umri huo: mngewakatia tiketi ya shilingi 5,000? Wenye kumbi za Tabata na Mbagala, semeni mnakodisha kwa bei gani Jumapili.