Valelia, Vareria au Valeria?

*Kikundi: Ukoo wetu, Tabora na Kigoma*

Mama Mtoto: Shikamooni wakubwa. Kesho asubuhi tunapeleka fomu ya cheti cha kuzaliwa. Jina Valeria. Mwenye neno aseme usiku huu.

Shangazi Tabora: Marahaba mwanangu. Valelia jina zuri sana.

Shemeji Kasulu: Vareria safi kabisa 👏

Mama Mtoto: Mnaona sasa?

Baba Mdogo: Hakuna mwenye kosa hapo. Kinyamwezi kinakwenda na l, Kiha kinakwenda na r. Aliyekulia l, sikio lake linaipokea r kama l ileile, na mdomo unafuata. Ndiyo maana Tabora Rehema anageuka Lehema, na huko Kasulu Lusia anakuwa Rusia. Valeria lina zote mbili, kwa hiyo linaumia pande zote.

Shangazi Tabora: Hapa mjini shule ni Milambo, kambi ya jeshi ni Mirambo, na mtemi ni mmoja 😂

Shemeji Kasulu: Basi aitwe Gloria tuyamalize.

Baba Mdogo: Shemeji, umetia chumvi kwenye kidonda. L na r zimo, tena g na l zimebanana bila irabu kati. Ulimi wetu utaichomeka tu: Guloria, Guroria. Ni kama Alberti anavyokuwa Alibeti.

Bibi Ujiji: Na huku Ramadhani wanamwita Ramazani, Thabiti Sabiti, Khadija Hadija.

Baba Mdogo: Kweli mama. Kwenye th na dh ncha ya ulimi hutokeza kati ya meno. Ukiubakiza ndani, zinatoka s na z. Barazani haidhuru, mwenye jina ataitika tu. Balaa ni kwenye karatasi: kwa kompyuta, Khadija na Hadija ni watu wawili.

Kaka Mwanga: Hilo ndilo la kushika. Karani anaandika anachosikia. Usimtajie jina kwa mdomo tu. Mpe karatasi, herufi kubwa, kisha msomee moja moja: V, A, L ya Lulu, E, R ya Rehema, I, A. Kabla ya muhuri soma alichoandika yeye, usisome karatasi yako. Herufi moja ikikosewa hapo, cheti cha shule na namba ya NIDA vikitoka tofauti utaanza kutafuta hati za kiapo.

Mama Mtoto: Na la pili Kashindye, maana alizaliwa ametanguliza miguu.

Shangazi Tabora: Hapo mwangalie karani kwa macho mawili! Akiwa Msukuma ataandika Kashinje. Kwao ni nj, kwetu ndy.

Bibi Ujiji: Kwani Neema au Zawadi yana ubaya gani? Hayana l wala r, kila konsonanti na irabu yake.

Mama Mtoto: Bibi, baba yake ameshikilia Valeria 🙈

Baba Mdogo: Basi tufanye mazoezi. Shemeji, anza na "nnn". Ulimi umegusa ufizi nyuma ya meno ya juu, sivyo? Usiuondoe. Pitisha pumzi pembeni mwa ulimi: "lll". Shangazi, wewe sema "dada" harakaharaka mpaka ulimi uguse na kuruka. D ikilegea hivyo, hiyo ndiyo r.

Shemeji Kasulu: 🎤 0:04

Shangazi Tabora: 🎤 0:03

Bibi Ujiji: Shemeji sasa kasema Valelia. Shangazi kasema Vadeda.

Kaka Mwanga: Mama mtoto, karatasi usiisahau.