Fundi uliyeficha jeki yangu nyuma ya tairi la spea, hivi wewe umewahi kukwama kweli?

Wakuu habari za jioni. Leo ni siku ya tatu tangu nirudi Ndutu, kule Ngorongoro inakopakana na Serengeti, na tope bado limo kwenye kucha. Nilitaka ninyamaze, nimeshindwa.

Mimi ni dereva wa watalii, makazi Arusha, huu mwaka wa 11 niko porini. Gari ninaloendesha ni Land Cruiser mkonga, ile iliyorefushwa, paa la kufungua, injini 1HZ. Gari lenyewe halina neno. Ugomvi wangu ni na fundi wa gereji moja hapa mjini. Jina silitaji, akisoma atajijua.

Januari bosi alimpelekea gari alifunge vifaa vya kujikwamulia. Jeki ya Tanganyika (ile ndefu inayopanda kwenye reli yenye matundu), chepe, zile mbao za plastiki za kutanguliza chini ya tairi, kamba ya kuvutia na shekeli mbili, zile pingu za chuma za kuungia kamba. Vifaa tulinunua wenyewe, yeye alichukua laki nne na nusu kwa kufunga tu. Gari lilirudi linang'aa kama la bwana harusi. Bosi akapiga picha, akaziweka status. Mimi nikalizunguka mara mbili, nikamuuliza fundi mbona jeki iko huku? Akacheka. "Kaka, Land Cruiser zote siku hizi zinafungwa hivi, hiyo ndiyo staili."

Sasa sikilizeni hiyo staili. Jeki kaisimamisha nyuma, upande wa kushoto, imebanwa kati ya mlango na tairi la spea, kitako chake kiko usawa wa bampa. Kuitoa ni mpaka tairi lishuke kwanza. Juu yake kuna kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwenye bunda la bosi, Arusha. Chepe liko juu kwenye keria, limekazwa kwa nati za spana namba 13. Mbao ziko hukohuko juu, mabegi ya wageni yanalala juu yake, turubai linafunika vyote. Kamba na shekeli zimo ndani ya boksi, chini ya kiti cha mwisho, na mbele yake zinapangwa katoni tatu za maji. Ungemwambia avifiche wezi wasivione asingefanya vizuri zaidi ya pale.

Ndutu tulikuwa kati ya ziwa lenyewe na lile la Masek. Wanaopajua wanajua lile tope la kando ya maziwa ya magadi: juu pamekauka, pana ukoko mweupe, unaona kabisa nyayo za nyumbu zimepita. Chini ni uji. Nilipita palepale nilipopita wiki iliyotangulia, na hapo kosa ni langu, silikatai. Gurudumu la nyuma kushoto likaingia. Nikaweka foo magurudumu yote manne yavute, nikaweka low, ile gia nzito, nikajaribu kurudi nyuma kidogo, likazama zaidi. Nilipochungulia, habu haionekani, difu limekalia tope, bampa la nyuma upande wa kushoto limelala chini kabisa. Na mita kama 60 mbele yetu, chini ya mgunga, simba jike wawili. Walishakula, matumbo hayo, ila simba ni simba.

Nikaita kwenye redio koli. Mwenzangu akaja baada ya kama dakika 40, akaegesha gari lake katikati yetu na wale simba ili nishuke. Nikashuka. Kitako cha jeki kimezikwa. Si kuchafuka, kimezikwa. Tairi la spea, nati mbili za chini ziko ndani ya tope, spana haiingii. Nachimba ili nifikie nati, ili nishushe tairi, ili nitoe jeki, ili ninyanyue gari nililokuwa nimeanza kulichimba! Na nachimba kwa nini? Chepe liko juu. Nikapanda juu, nikafungua turubai, nikashusha mabegi sita ya watu kwenye tope moja moja huku naomba radhi, nikatafuta spana namba 13, imo ndani ya boksi, boksi liko chini ya kiti, kiti kina maji mbele. Nikakata tamaa, nikachukua kifuniko cha deli la vinywaji nikaanza kuchimbia hicho. Dereva wa miaka 11, goti moja kwenye magadi, nachota tope kwa kifuniko cha deli mbele ya wageni.

Mwenzangu alikuwa ananitazama tu. Akafungua mlango wake, akasimama kwenye kikanyagio, akanyoosha mkono ubavuni mwa gari lake upande wa kulia, akavuta mkanda wa mpira, chepe hilo mkononi. Hata miguu haikugusa chini. Akanirushia. Chepe la kawaida kabisa, mpini umechongwa nyumbani.

Kufuli tukalivunja kwa nyundo. Jeki ilipotoka haipandi. Nyuma ya gari ndiko vumbi lote linakozunguka, na kutoka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, mpaka huko mnajua vumbi lilivyo, vile vipini viwili vinavyopanda kwenye matundu ya reli vilikuwa vimeshikana kama vimepigwa gundi. Nikavimwagia maji ya kunywa ya wageni, kisha nikachomoa kijiti cha kupimia oili nikadondoshea matone machache, nikagongagonga mpaka vikaachia. Kibao cha kukalishia jeki fundi hakuona umuhimu wake, kwa hiyo lile tairi la spea nililohangaika kulishusha ndilo nikalilaza likawa kitako. Saa mbili na ushee jumla, kazi ambayo ingekuwa ya nusu saa. Mama mmoja wa makamo kwenye wale wageni akaniuliza kwa upole kabisa: kumbe ile jeki ilikuwa pambo?

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Mafundi wetu wanafunga vifaa gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya zege. Hapo kila sehemu inafikika, hata mtoto anatoa. Gari halikwami hivyo. Gari likikwama limelala upande, limezama nyuma au limelamba kitumbo, na mlango mmoja au miwili haifunguki. Swali la kujiuliza kabla hujashika drili ni moja tu: gari likiwa limezama mpaka bampa na limeegemea upande mmoja, mtu mmoja atakifikia hiki kifaa bila kushusha kingine?

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kusikia fundi akilisema. Bongo tunaendesha kushoto. Ukimpisha lori la mchanga kwenye rafu rodi unaenda kushoto. Mtaro uko kushoto. Bega la barabara likimong'onyoka na masika ni la kushoto. Kwa barabara zetu upande unaozama mara nyingi ni wa kushoto, na huyu bwana kaweka jeki kushoto nyuma, yaani kona ya kwanza kuingia kwenye tope! Weka kulia, upande wa dereva. Ukishuka tu unakutana nayo.

Jeki hii ina kilo 13 hivi, si kitu cha kuning'iniza popote. Ukiitundika mlangoni pamoja na tairi la spea, ambalo na rimu yake si chini ya kilo 30, bawaba zinaanza kulia ndani ya msimu mmoja, msimu wa pili zinapasuka, na hapo hujahesabu ile mitetemo ya barabara inayogonganisha meno. Ukiipandisha juu ya keria unaongeza uzito kileleni, gari linayumba kwenye makorongo, na kuishusha kilo 13 za chuma kutoka juu umesimama kwenye tope linaloteleza ni kutafuta kuvunjika mguu. Ukiiweka mbele mbele ya grili, upepo wa rejeta unapungua. Ndani ya gari ni pazuri kwa vumbi na kwa wezi, lakini iwe imefungwa kwa bolti sakafuni, maana gari likipinduka hiyo jeki inatembea na vichwa vya watu.

Mimi sasa nimeilaza ubavuni kulia, chini ya madirisha, kwenye vishikio viwili vilivyoshikwa kwenye chuma, si kwenye bati la bodi. Ndiyo, inatokeza kidogo na vichaka vinaikwaruza. Na vikwaruze. Kichwa chake nimekivalisha kipande cha turubai kilichoshonwa kama soksi, na kila safari naipa oili nyepesi. Grisi hapana, grisi inakamata vumbi. Kufuli nimelitoa, nimeweka bolti na nati ya mabawa inayofunguliwa kwa mkono, na springi washa chini yake isilegee. Nikilala mjini jeki inaingia ndani, dakika moja. Chepe liko juu yake. Kibao cha sentimita 30 kwa 30 kiko nyuma ya kiti changu. Kamba nimeiweka kwenye mfuko nyuma ya kiti cha dereva, kwenye giza, kwa sababu nailoni ikianikwa juani kwenye keria mwaka mzima inaoza bila wewe kuona.

NYONGEZA, saa nne usiku. Naona maoni yamekuwa mengi, nijibu machache.

Anayesema "si ungekagua kabla ya kutoka": nilikagua, nikauliza, nikachekwa. Ila nakubali nilitakiwa nigome. Bosi alishalipa, nikaona aibu kubishana.

Anayesema nifunge winchi tu nisahau jeki: mkuu, pale Ndutu mbele yangu kulikuwa na ziwa na simba. Winchi ningeifunga kwenye kipi? Na ukiwa nayo, tupia koti au blanketi juu ya waya wakati unavuta, ukikatika usije na uso wa mtu.

Kuna mmoja kasema yeye hufunga kamba kwenye vile vitanzi vya chini ya bampa vilivyokuja na gari. Ndugu yangu, vile vingi ni vya kufungia gari lisihame melini likitoka Japani. Havikutengenezwa kuvuta gari lililozama, tena kwa kamba inayonyumbulika. Na ule mpira wa chuma wa kuvutia tela usiuguse kabisa kwa kazi hiyo, huchomoka ukaruka kama risasi, na umeshaua watu. Fundi anayejua kazi akufungie ndoano zilizoshika kwenye chasisi, mbili mbele mbili nyuma, maana hujui utavutwa kutoka wapi. Shekeli zikibaki kwenye bampa, pini usiikaze mpaka mwisho, irudishe robo, la sivyo siku ya shida haifunguki.

Na wewe uliyeandika kwamba jeki ya Tanganyika ni hatari bora iachwe: ni hatari kweli. Mkono wake ukikurudi unavunja taya, na gari likiwa juu usiingize hata kidole chini. Lakini kwenye gari refu kama la kwangu, ukipata ule mnyororo wa kushika gurudumu lenyewe, unanyanyua tairi badala ya bodi. Bila hivyo unapampu tu huku springi zinanyooka na tairi bado limo kwenye shimo.

Fundi mwenyewe amenipigia jioni hii, kumbe kuna mtu kamtumia uzi. Kasema nimemharibia biashara, na kwamba kazi yake haina kasoro, nilete gari aione.

Sawa. Jumatatu saa mbili asubuhi nampelekea, na vishikio vyake navirudisha vilevile alivyovifunga, kushoto, nyuma ya spea, na kufuli jipya nanunua. Nje ya geti lake kuna mtaro mzuri sana. Nitashusha magurudumu ya kushoto humo, nizime injini, nimkabidhi spana, halafu nimwombe anitolee jeki. Nitaleta mrejesho hapahapa.