Vidonge vya kuongeza damu vinabaki kwenye bahasha: tuwasaidieje wajawazito kuvimeza kila siku?

Mhamasishaji wa Ahero (Kisumu) anauliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika eneo la Ahero, na miongoni mwa nyumba ninazozitembelea zimo za akina mama wajawazito. Swali langu nalielekeza kwa wauguzi, kwa wataalamu wa lishe, na zaidi kwa akina mama wenyewe.

Wajawazito wengi wa hapa kwetu huhudhuria kliniki na hupewa vidonge vya kuongeza damu, yaani kile kidonge kimoja chenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambacho humezwa kila siku mpaka mama ajifungue. Tatizo huanza wakisharudi nyumbani. Nikipita baada ya majuma kadhaa, naona bahasha ya dawa ingali ndani ya mkoba ule ule aliokwenda nao kliniki, imekunjwa katikati ya kurasa za Kijitabu cha Mama na Mtoto, na vidonge vimebaki karibu vyote. Nikimuuliza kama anameza, hunijibu kwamba anameza. Sipendi kubishana naye, kwa kuwa siku nitakayomwaibisha mbele ya mama mkwe wake ndiyo siku atakayoacha kunikaribisha.

Jambo hili linanisumbua kwa sababu eneo letu lina malaria mwaka mzima, na malaria ni mojawapo ya vitu vinavyopunguza damu ya mjamzito. Wengine nawakuta wakitafuna odowa, ule udongo wa kula, mchana kutwa. Je, wenzangu mmefanya nini kikafaa?

Muuguzi wa zahanati, Kakamega:

Asante kwa swali hili, dada. Ningeanza na namna ya kuuliza. Ukimwuliza mama, "Unameza dawa?", umempa nafasi ya jibu moja tu la heshima, nalo ni "ndiyo". Mimi huanza hivi: "Akina mama wengi wakimeza vidonge hivi husikia kichefuchefu au hufunga choo, wewe vimekufanyaje?" Hapo ndipo maneno huanza kutoka, kwa sababu ameshajua kwamba shida yake si ya ajabu na kwamba hakuna atakayemkemea.

Sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi ni kichefuchefu, hasa kwa mama anayemeza asubuhi kabla hajala kitu. Kweli chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini kidonge anachokitapika, au anachokiacha kabisa, hakimsaidii lolote. Mwambie ameze usiku baada ya chakula, karibu na wakati wa kulala, ili sehemu kubwa ya kichefuchefu impite akiwa usingizini. Kwa anayefunga choo, ahimizwe kunywa maji ya kutosha na kula mboga na matunda. Halafu kuna choo cheusi, ambacho huwatisha wengi wakadhani wanavuja damu ndani, ilhali ni chuma kilichosalia bila kufyonzwa kinachokipa rangi hiyo. Nimeona mama akiacha dawa kwa sababu hii tu, na alipoelezwa akaanza tena bila kusukumwa. Hali ikimzidi, asijipunguzie dozi mwenyewe bali arudi kliniki, kwani Shirika la Afya Duniani linakubali kiwango cha kati ya miligramu 30 na 60 za chuma kwa siku, na muuguzi anaweza kuangalia linalomfaa.

Kuhusu odowa, tamaa ya kutafuna udongo mara nyingi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa chuma, na udongo wenyewe waweza kukizuia kile kidogo kilichomo tumboni kisifyonzwe. Usimkemee. Mchukulie kama mtu aliyekuonyesha mwenyewe kwamba anahitaji kupimwa damu, umpeleke.

Mama wa watatu, Nyalenda:

Mimi naongea kama mama aliyepitia hayo. Muuguzi ameeleza yanayotokea tumboni, lakini kuna yanayotokea ndani ya nyumba, na hayo hayasemwi kliniki.

Huku kwetu, mwanamke akionekana anameza dawa kila siku saa ile ile, majirani na hata mawifi huanza kuhesabu yao. Wanasema ni ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Ukipewa vidonge ndani ya kopo la plastiki, kila ukitembea mkoba unalia, na sauti hiyo inajulikana na kila mtu kwenye matatu. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilikuwa naweka pamba ndani ya kopo ili kusisikike kitu. Kwa hivyo mama anayekuambia kwamba anameza, na bahasha imejaa, huenda hana uvivu wowote. Huenda anaishi chumba kimoja na watu watano na hana mahali pa kumezea bila kuulizwa maswali.

Kilichonisaidia ni kwamba mhudumu aliyekuwa akitutembelea alikuja siku mama mkwe wangu yuko, akaomba ruhusa yangu kwanza, kisha akamweleza yeye kwamba dawa hizi hupewa kila mjamzito, mgonjwa na asiye mgonjwa, na akamwonyesha yaliyoandikwa kwenye kijitabu. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyekuwa akiniletea maji ya kumezea. Alikuwa pia ameniambia kwamba dawa za damu hufanya mtoto awe mkubwa mno hata mama apasuliwe, na yeye aliamini hivyo kabisa. Vidonge hivi huzuia upungufu wa damu na kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo kupita kiasi, havimnenepeshi. Lakini maneno hayo hayawezi kumfikia mama mkwe ikiwa anaelezwa mjamzito peke yake.

Na tafadhali, msihesabu vidonge mbele ya watu. Anayejua kwamba vitahesabiwa atavitupa chooni kabla hujafika.

Baba wa Molo (Nakuru):

Nakubaliana na mama wa Nyalenda, nami naongeza upande wetu wanaume, maana tunaachwa nje ya mazungumzo haya kisha tunalaumiwa. Kusahau ni sababu ya kweli. Sisi nyumbani tulikifungamanisha kidonge na jambo ambalo halikosi kufanyika: taarifa ya habari ya saa moja ikiisha, tunakula, sahani zikitolewa naleta kidonge na maji, kisha mke wangu anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Simu yenye kengele pia hufaa, ila umeme ukipotea na simu ikizima, kengele hupotea nayo.

Tulichobadilisha kwa shida ni chai. Huku kwetu chai ya maziwa hunywewa asubuhi, mchana na baada ya chakula cha jioni, na tuliambiwa kliniki kwamba chai na maziwa huzuia chuma kisifyonzwe. Sasa ile ya jioni tunainywa mapema, tukirudi kutoka shambani. Vidonge tunaviweka mahali pa juu, kwani mtoto mdogo akivila vingi vinaweza kumuua.

Mtaalamu wa lishe, Kisumu:

Mengi yamesemwa vizuri. Mimi nitagusia yale ambayo kwa eneo letu la ziwa yasipoelezwa huleta madhara.

Kwanza, asidi ya foliki inayouzwa peke yake kwenye maduka ya dawa mara nyingi ni ya miligramu 5. Kiwango hicho hupunguza nguvu ya SP, dawa ambayo wajawazito wa maeneo yenye malaria hupewa kliniki kuwakinga, ilhali zile mikrogramu 400 zilizomo kwenye kidonge cha kliniki hazina shida hiyo. Kwa hiyo mama asijinunulie ya nguvu zaidi akidhani anajisaidia, isipokuwa daktari ameagiza.

Pili, kwa mama anayetumia ARV zenye dolutegravir, chuma kinaweza kuzuia dawa hiyo isifyonzwe ipasavyo. Akila chakula anaweza kuzimeza zote kwa pamoja. Akiwa hajala, ameze ARV muda wa saa mbili kabla ya kidonge cha chuma au muda wa saa sita baada yake. Jambo hili aambiwe kwa siri, na aambiwe na mhudumu anayejua hali yake.

Chakula nacho kinasaidia: omena, maharagwe, mboga za managu na saga, pamoja na chungwa au pera. Hata hivyo chakula peke yake kwa kawaida hakitoshelezi mahitaji ya chuma ya ujauzito, kwa hiyo kisichukuliwe kuwa badala ya kidonge.

Mhamasishaji wa Ahero:

Nimewashukuru sana, hasa mama wa Nyalenda, kwa kuwa lile la kopo na majirani halikuwahi kunipitia akilini. Juma lijalo nitaanza kuomba ruhusa ya kuzungumza na mama wakwe, nyumba kwa nyumba. Nimebakiwa na swali moja: aliyekosa siku mbili tatu afanyeje? Wengine wamenieleza kwamba humeza vitatu kwa mara moja ili kufidia, wakaugua tumbo, kisha wakaacha vyote.

Muuguzi wa zahanati, Kakamega:

Asifidie. Akikumbuka siku ile ile, ameze. Akikumbuka kesho yake, ameze cha kesho tu na aendelee kama kawaida. Na vikikaribia kuisha asisubiri tarehe ya kliniki: apitie zahanati aongezewe, au akupe wewe ujumbe ili uulize kama vipo kabla hajalipa nauli.