Naomba ushauri: kuanika dagaa mvua hizi za vuli

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wazoefu wa dagaa, hasa wa huku Igombe na Kayenze, Mwanza.

Tunaandaa sado nne, za nyumbani na za kuwatumia wakwe. Kiangazi kazi ni nyepesi: dagaa wa alfajiri unawatandaza safu moja juu ya chanja ya wavu, unawageuza saa nne, jioni ukimkunja mmoja akavunjika basi tayari. Vuli hii mvua inashuka mchana, na dagaa akilowa tena akiwa nusu mkavu ndiyo basi: ule mng'ao wa fedha unapotea, anageuka kahawia, tumbo linapasuka, na uchungu haumtoki hata umuunge kwa nyanya na limao. (Wa kuanika mchangani siwazungumzii kabisa.)

Wanaoloweka kwanza kwenye maji ya chumvi, ndoo ya lita 20 mnaweka chumvi kiasi gani, na kwa dakika ngapi? Turubai la nailoni juu ya chanja liinuliwe kiasi gani ili mvuke usiwadondokee? Au wingu likitanda niwakaange wote siku hiyohiyo? Ila mafuta nayo bei, jamani.