Jiwe la zambarau kwa pete ya uchumba: tanzanaiti, amethisti, safaya au spineli?

kijana_wa_sakina: Wakuu habari zenu. Kuna mtu nataka kumvisha pete, almasi hataki anataka jiwe la zambarau. Sonara hapa Arusha ananisukumia tanzanaiti, dada angu anasema amethisti maana bei poa. Mvaaji ni nesi, pete haitoki kidoleni na mikono anaosha kutwa. Mnashaurije?

BrokaMstaafu: Mkuu mi mkate wangu umetoka Mererani so tanzanaiti siwezi kuiponda, ila kwa nesi hapana. Ugumu wake kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha ugumu wa mawe, 1 hadi 10) ni kama 6 na nusu hivi, na vumbi la kawaida tu lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo ukiipangusa pangusa kila siku ung'avu unakwisha, halafu ikigongwa vibaya inapasuka. Hereni au kidani sawa kabisa. Na ujue mengi yakitoka shimoni ni kahawia, yanachomwa nyuzi 500 hadi 600 ndo bluu na zambarau inatokea.

Mama Rehema: Amethisti jamani! Mnaidharau bure

jiwe_na_karati: @Mama Rehema haidharauliki ila ni kwatzi, madini yale yale ya mchanga, ugumu 7 tu. Brazil na Uruguay wanaitoa kwa matani ndo maana bei iko chini, ya Zambia naipenda zaidi, imekolea. Shida ukiiacha juani muda mrefu inapauka, na ukiichoma inageuka njano, nyingi ya sitrini (lile jiwe la njano) mnayouziwa madukani ni amethisti iliyochomwa hahaha. Kijana nenda na spineli ya Mahenge, ugumu 8, na nyingi hazijachomwa. Safaya ya zambarau ya Tunduru au Umba ni 9, hiyo hata akisugua vyombo na mchanga poa, ila jiandae mfukoni.

Mama Rehema: Haya nimekubali yaishe. Na zile garneti za Umba je?

jiwe_na_karati: Rodolaiti, zile garneti za zambarau? Nzuri na bei haiumi, ila zina wekundu kama juisi ya rozela, akitaka zambarau yenyewe atanuna

kijana_wa_sakina: Nimewaelewa, naona spineli. Ila sonara kasema hata tanzanaiti feki zipo, nazitambuaje nikija kumnunulia hereni?

BrokaMstaafu: Ligeuze geuze kwenye mwanga. Tanzanaiti upande mmoja inakupa bluu, upande mwingine zambarau, kioo rangi ni ile ile popote utakapoligeuzia. Kama hela ni nyingi dai cheti cha maabara, asikuletee longolongo. Na hiyo spineli usiichagulie chini ya taa za dukani, toka nayo nje mchana uiangalie, maana zambarau nyingi za spineli zina kijivu ndani na taa zinakificha. Unataka karati ngapi?

kijana_wa_sakina: Moja na nusu, ikizidi hapo ntakula mihogo mpaka siku ya harusi